Shefu Sadiki na Vilango vya Hewa

Siku nilipoacha kazi, Bosco, mwenye gereji, aliniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki habari za miaka niliyokaa pale Gisozi. Nadhani alitaka maneno ya kuwatia moyo. Mimi maneno ya namna hiyo sina, na aliyenifundisha kazi hakuwa nayo pia. Nitawaandikia juu ya kazi tu. Lakini kazi yangu haielezeki bila mtu mmoja ambaye wengi wenu hamkumkuta, na wachache mliomkuta mlimwona amekaa kwenye meza ndogo karibu na ukuta wa maseremala, mkadhani ni babu wa mtu aliyeachwa pale asubiri lifti. Jina lake lilikuwa Sadiki. Sisi tulimwita Shefu, yaani mkuu wa kazi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyofanyia kazi. Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako mtoto anajua Kiswahili kabla hajajua kuvuka barabara. Shefu alikuwa Mrundi wa mtaa huohuo, Mwislamu, aliyefika Kigali na sanduku la spana na mke mmoja. Kiswahili changu kimenyooshwa kidogo na wateja wa Kitanzania, ambao hawawezi kuacha kosa lipite. Bosco anasema "gali" na "kurara" mpaka leo, na hakuna anayemsahihisha kwa sababu funguo za geti ziko mfukoni mwake.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa sketi. Mama alisema msichana haendi kuomba kazi na suruali, watu watamfikiriaje. Baba yake Bosco, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye gereji wakati huo, aliniuliza kama nimeleta chakula cha kuuza. Nikasema nimekuja kuomba kazi ya ufundi. Hakucheka, lakini alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumsaidia kucheka. Ndipo sauti ikatoka chini ya lori: "Muulize anajua nini."

Nikajibu lile lori, kwamba baba yangu alikuwa fundi wa pikipiki Buyenzi, na kwamba naweza kushusha injini na kuirudisha. Mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma akajivuta kutoka chini ya gari. Aliangalia mikono yangu, uso hakuuangalia. "Kesho vaa suruali," akasema. "Hiyo sketi itakamatwa na feni." Akarudi chini ya lori. Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Kwa muda mrefu wateja walinipita pale nilipo wakimtafuta fundi. Shefu aliwajibu bila kunyanyua macho: "Fundi ni huyo." Bwana mmoja alikataa, akasema atangoja fundi mwenyewe. Shefu akamwambia hakuna shida, akaendelea kunywa chai yake. Mvua ikaanza, bwana akangoja kwenye mvua, na mimi nikangoja chini ya bati. Mwishowe akaja kunieleza gari lake lina nini. Shefu hakulitaja tukio lile tena. Hakuwa mtu wa kushinda halafu akasimulia.

Alifundisha kwa masikio. Gari likiingia aliniambia nisimame karibu nalo, mikono nyuma, nisiguse kitu. "Inasema nini?" aliniuliza. Nikijibu upuuzi, hakunikemea. Alisema tu, "Sikia tena." Niliposikia sawasawa alinipa spana, na kama spana haikuwa ile niliyoihitaji, nilijua sijasikia sawasawa. Sheria yake iliyokuwa haina mjadala ilikuwa moja: ukishafungua kitu chochote juu ya injini, kabla hujafanya lingine, ziba matundu kwa kitambaa safi. Gereji yetu ilipakana na maseremala, na unga wa mbao ulikuwa unatuangukia kama baraka ambayo hatukuiomba. "Injini ni kisima cha jirani," alisema. "Kinachodondoka mule si chako tena, lakini lawama ni yako."

Sasa nije kwenye lile gari. Lilikuwa la muuguzi mmoja aitwaye Esperansi, mkazi wa Kibagabaga, gari la zamani kutoka Ulaya, la rangi ya maziwa ya chai. Aliliendesha polepole na alilisema vibaya kwa upendo. Alilileta akilalamika kwamba barabara ya tambarare linakwenda, lakini likiona mlima linakata tamaa. Kigali, gari linaloogopa milima lina maisha magumu. Tena lilikuwa na sauti, kama punje za mahindi ndani ya mkebe, ambayo ilikuja likisimama kwenye taa na kuondoka likikimbia.

Mafundi wawili wa kwingine walikuwa wamekwisha kumbadilishia plagi na pampu ya mafuta. Shefu alisimama, mikono nyuma, akasikiliza, halafu akaniita. "Inasema nini?"

"Kuna kitu kimelegea, Shefu. Lakini si ndani ya injini. Iko juu, upande wa hewa."

"Basi tuangalie."

Wengi wenu mmezoea magari ambayo kompyuta inawaambia kila kitu, kwa hiyo nitaeleza. Manifodi, ambayo Shefu kwa Kifaransa chake aliiita kolekta, ni ile mikono inayopeleka hewa kwenye kila silinda. Katika magari mengi mikono hiyo ni mabomba tu. Katika gari la Esperansi, ndani ya mikono kulikuwa na vilango vidogo, vyote vimefungwa kwa skrubu kwenye ufito mmoja wa chuma. Injini ikizunguka polepole, vilango vinafungwa na hewa inapita njia ndefu, inafika na nguvu. Injini ikizunguka kwa kasi, vilango vinafunguka na hewa inapita njia ya mkato. Anayevisukuma ni kikombe kidogo chenye ngozi ya mpira ndani, kinachovutwa na upepo wa injini yenyewe kupitia mrija mwembamba. Ni kazi ya akili sana. Inachoka pia, kama kazi zote za akili.

Tuliitoa manifodi, tukaziba matundu, tukaiweka mezani. Ndani masizi yalikuwa mazito kama uji uliosahauliwa jikoni. Shefu aliweka ule mrija mdomoni, akafyonza, akaziba ncha kwa ulimi. Ngozi nzima inaushika ulimi wako na haiuachii. Hii iliuachia palepale. Akanipa na mimi nijaribu, ili nijue ladha ya ngozi iliyopasuka. Kisha akautikisa ufito, ukacheza. Vile vipete ambavyo ufito unazungukia vilikuwa vimelika, na ndizo zilizokuwa punje za mahindi.

Baba yake Bosco alikuja akatazama. Akasema wenzetu wa gereji za chini wanavifunga vile vilango kwa waya vikae wazi, na gari linakwenda. Shefu akasema linakwenda kweli, kwenda mpaka sokoni. "Aliyetengeneza hakuweka vilango kwa kupamba," alisema. Tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki. Nilitumwa kwa fundi wa mashine ya kukereza kule Agakiriro, akatuchongea vipete vipya vya shaba, alivyoviona vidogo mno hata akauliza kama ni hereni. Kikombe tulikipata kwenye gari bovu. Na zile skrubu za vilango Shefu alizitia gundi moja moja, akazikaza, kisha akaziponda ncha upande wa pili zisiweze kurudi nyuma. Alinionyesha ya kwanza, nyingine nikazifanya mimi, naye akapitisha kidole juu ya kila moja.

Tulilijaribu gari kwa kupanda kutoka Kinamba. Nilikuwa nimeshika usukani, Shefu kando yangu. Katikati ya mlima, vilango vikafunguka, na gari likajivuta kama mtu aliyeitwa jina lake. Shefu alitoa mkono dirishani, akauacha kwenye upepo mpaka juu. Nimefanya kazi nyingi kubwa kuliko ile, lakini kama mtu angeniuliza siku gani nilikuwa fundi, ningetaja hiyo.

Miaka ikapita. Baba yake Bosco akafariki, Bosco akashika gereji. Magari ya zamani yakazidi kuzeeka na sisi pamoja nayo.

Ugonjwa wa Shefu ulianza kwa vitu ambavyo huwezi kuviita kitu. Aliomba spana namba kumi huku ameishika. Alianza kumwita Bosco kwa jina la baba yake, na Bosco akawa anaitika, mwanzoni kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Aliniambia hadithi ya lori lililozama kwenye tope la Rusizi, tukacheka, na baada ya chai akaniambia tena ile ile, nikacheka tena. Nilianza kupita nyuma yake jioni, nikikaza boliti alizozifunga. Nyingi zilikuwa zimekazwa vizuri. Siku moja aliniona. Hakuuliza nafanya nini. Alishika kitambaa akanifutia grisi kwenye kiwiko, akaondoka.

Esperansi alirudi na gari lake lililokuwa likilalamika kama zamani. Safari hii ngozi ya kikombe ndiyo iliyopasuka tena, na Shefu alifurahi kama anayetembelewa na rafiki. Alisema hii ni kazi yake, anaijua. Asubuhi iliyofuata mimi sikuamka. Nilikuwa na malaria, ya ile inayokufanya uone ukuta unapumua. Nililala nyumbani siku kadhaa. Bosco aliniambia kwenye simu nisihangaike, Shefu ameivua kolekta yote, ameisafisha, ameirudisha, injini inaimba, mama amechukua gari lake.

Yaliyotokea baada ya hapo, Esperansi alinisimulia mwenyewe. Alikuwa anapanda kurudi Kibagabaga kutoka kazini. Ghafla akasikia kishindo ndani ya injini, kama mtu ametupa jiwe kwenye mashine ya kusaga, na injini ikafa. Injini ikifa, breki inakuwa nzito kama kukanyaga gogo. Gari likaanza kurudi nyuma. Alivuta breki ya mkono, haikutosha. Nyuma yake kulikuwa na watu wanapanda kwa miguu, wanafunzi wametoka shule. Akakata usukani kwa nguvu zake zote, gari likaingia kwenye mtaro kwa makalio na kusimama. Hakuna mtoto aliyeguswa. Yeye mkono wake wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiganja.

Niliporudi kazini gari lilikuwa limevutwa na kamba mpaka uwanjani kwetu. Niliifungua injini mimi. Nilipoinua kichwa cha injini niliona pistoni ya pili imedonolewa juu yote, kana kwamba kuku amekula pale, na katikati, imezama ndani ya chuma, skrubu moja ndogo ya kilango. Kilango chenyewe kilikuwa vipandevipande. Nilipoigeuza manifodi niliona skrubu nyingine zote zimelegea. Hakuna iliyotiwa gundi. Hakuna iliyopondwa ncha.

Bosco alisimama upande wa pili wa gari. Tulitazamana. Shefu akaja, amevaa miwani, akataka kuona. Sikuweza kumzuia. Akaitazama pistoni kwa muda mrefu, akaipapasa kwa kidole gumba. Akachukua manifodi, akautikisa ufito karibu na sikio.

"Nani alifanya kazi hii?" akauliza.

Bosco akatazama chini.

"Nauliza, nani alifunga hii kolekta?"

"Ni kazi ya zamani, Shefu," nikasema.

"Hapana. Shaba iko safi. Hii ni ya juzi." Akanionyesha skrubu. "Hakutia gundi. Angalia, hata moja. Ameweka kwa vidole, akafunga, akaenda kunawa mikono." Hakupandisha sauti. Alisema kama anayesoma. "Na huyu mama amevunjika mkono?"

"Amevunjika, Shefu."

"Bosco. Mutafute huyo fundi. Mumuambie kwa heshima, pengine iko na watoto. Lakini asishike tena gari ya mtu."

Akairudisha manifodi mezani kwa upole, akaenda kwenye bomba kutawadha, kwa sababu ilikuwa karibu adhuhuri. Tulimwona amekunja mikono ya shati, maji yanashuka kwenye viwiko. Bosco akaniambia, "Umesikia alichosema." Nikamwambia nimesikia.

Esperansi alikuja kesho yake, mkono umefungwa plasta. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na tulistahili. Alisema anataka kumwona mzee. Akaketi naye kwenye benchi. Shefu alimtazama mkono kwa huruma ya kweli, akamuuliza, "Umeangukia wapi, mama?" Esperansi akamwambia ameteleza. Akamuuliza vitu vidogovidogo: leo ni siku gani, mjukuu wake mkubwa anaitwa nani, amekuja kazini kwa njia gani. Shefu alijibu kwa adabu na kwa ujanja, kama mtu anayeulizwa bei ya kitu ambacho hana nia ya kuuza. Siku hakuijua. Alisema, "Mimi niko fundi, siku nawaachia wenye ofisi."

Aliponifuata, Esperansi alisema, "Konsolata, huu si uzee tu. Ni ugonjwa, na hautarudi nyuma. Umeanza zamani. Mlikuwa mmekwisha kujua?"

Nikamwambia kila mmoja wetu alijua kipande chake.

"Sina hasira naye," akasema. "Lakini nilikuwa na watoto nyuma yangu." Akaupakata mkono wenye plasta. Halafu akaniuliza kama gari lake linaweza kupona.

Kuondoa spana mikononi mwa Shefu kulibaki kwangu. Bosco alisema yeye hawezi. Yule mtu ndiye aliyemshikilia baiskeli nyuma utotoni, alipokuwa anajifunza kuendesha. Nilichagua jioni kukiwa bado kuna jua. Nikakusanya vifaa vyake, nikavifuta kimoja kimoja, nikavipanga kwenye sanduku lake la bati, nikalibeba kichwani, tukashuka pamoja kuelekea kwake Gitega, mtaa wa hapahapa Kigali. Wanawake wenye ndizi na viatu vya mitumba walikuwa wametandaza bidhaa mpaka barabarani, tukapita katikati yao mmoja nyuma ya mwingine.

"Kwa nini umebeba sanduku langu?" akaniuliza.

"Tunalipeleka nyumbani, Shefu. Likapumzike."

Akatembea kidogo. "Na mimi?"

"Na wewe."

Hakubisha. Ningefurahi angebisha. Alinyamaza kama watu wanavyonyamaza mvua ikianza wakiwa mbali na nyumbani, akaendelea kutembea. Mlangoni mke wake, Mama Zena, alipoliona sanduku kichwani kwangu aliweka mkono mdomoni. Alilipokea, akaliingiza chini ya kitanda, akanikaribisha chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Tuliitafutia injini ya Esperansi pistoni nyingine, na manifodi nyingine tukaipata Gatsata kwenye gari lililogongwa. Niliifanya kazi ile peke yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mlima tuliupanda mimi na yeye, yeye na plasta yake. Gari lilivuta vizuri. Hakuna aliyetoa mkono dirishani.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba Shefu atakaa nyumbani, atasali msikitini, atacheza na wajukuu. Haikuwa hivyo. Kila asubuhi alivaa viatu na kutoka. Mara ya kwanza majirani walimrudisha. Mara ya pili alikutwa stendi ya Nyabugogo akiwauliza makondakta basi la kwenda gereji ya Buyenzi, ambayo ilikwisha kufungwa mimi nikiwa mtoto. Mama Zena akafunga mlango kwa kufuli. Basi akawa anakaa nyuma ya mlango, amevaa viatu.

Mama Zena alikuja gereji, akasimama katikati ya magari na mtandio wake mweupe, hataki kukaa. "Mume wangu anakufa nyumbani," akatuambia. "Haumwi popote. Anakula, analala. Lakini anakaa mlangoni kama mugeni. Nawaomba, mumupe kitu cha kushika. Gari, hapana, najua. Kitu tu."

Bosco akavuta meza ndogo mpaka ukutani kwa maseremala. Mimi nikatafuta kitu. Ile manifodi ya Esperansi iliyovunjika ilikuwa bado kwenye rundo la vyuma chakavu. Nikaitoa, nikaiosha, nikaiweka pale pamoja na bisibisi moja na kopo la skrubu. Haikuwa na gari lolote la kwenda. Hakuna ambacho kingeweza kudondokea humo kikamuumiza mtu.

Alikuja asubuhi, ameletwa na mjukuu, akaiona, akakaa. Akaifungua yote na kuifunga yote, akaenda kusali, akarudi, akaifungua tena. Mikono yake ilikuwa bado inajua. Wateja waliopita walimwona mzee anayetengeneza manifodi kwa makini na waliridhika kwamba wamekuja mahali pa wataalamu. Jioni nilizilegeza skrubu alizokaza ili kesho akute kazi. Nilikuwa nafanya kinyume cha nilichokuwa nafanya zamani nyuma yake, na sijui ni kipi kiliniuma zaidi.

Kisha mikono nayo ikaanza kusahau. Watu husema akili ikienda mikono hubaki. Hubaki kwa muda. Siku moja aliweka kilango nyuma mbele, akakiangalia, hakuona kosa. Siku nyingine alishika bisibisi kwa upande wa ncha. Na ikaja asubuhi ambapo alikaa mbele ya manifodi, mikono mapajani, hakuigusa. Nilikuwa na gari limenyanyuliwa, mwenyewe anasubiri, lakini nilimwendea.

"Shefu, leo hatufanyi kazi?"

Akanitazama kwa adabu. "Mama, hii ni kitu gani?"

Nikavuta kiti. Nikamwambia ni mikono inayopeleka hewa kwenye injini. Nikamwonyesha vilango. Niliuzungusha ufito, vikafunguka vyote kwa pamoja, vikafungwa. Macho yake yakapanuka. Nikamweleza njia ndefu na njia ya mkato. Akasema, "Aliyefikiria hivi iko na akili." Nikamshika mkono, nikamwekea bisibisi, tukakaza skrubu moja pamoja. Alikuwa mwanafunzi mzuri, msikivu kuliko nilivyokuwa mimi, na hakuwa na sketi.

Kesho yake hakukumbuka. Nikamfundisha tena tangu mwanzo. Ikawa ndivyo siku zetu zinavyoanza, kabla sijagusa gari la mtu. Wateja wengine walinung'unika, na nikagundua kuwa kunung'unika kwa mteja hakuui. Bosco alianza tu kufika mapema na kupokea magari mwenyewe. Esperansi akitoka kazini alipita na mkate, akamkatia Shefu kipande kwa mkono wake uliopona, ambao mpaka leo haugeuki vizuri.

Kuna asubuhi moja ninayotaka muijue, halafu nimalize. Ilikuwa muda si mrefu kabla Shefu hajalala kitandani asiinuke tena. Alikuwa mwepesi sana wakati ule, koti limemwacha pande zote. Tulikuwa tumemaliza skrubu mbili. Alipitisha kidole juu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanigeukia.

"Unafundisha vizuri, mama," akasema. "Haukasiriki. Wewe nani alikufundisha?"

Niliangalia mikono yangu. Kwa upande wa pili wa ukuta maseremala walikuwa wamewasha msumeno, nikangoja unyamaze.

"Mzee mmoja wa Buyenzi," nikamwambia.

"Buyenzi napajua. Alikuwa mukali?"

"Hapana. Alikuwa mpole. Alisema kidogo."

"Ndiyo wazuri hao." Akafikiri. "Bado iko?"

"Iko, Shefu."

Akafurahi, nikaona amefurahi kweli, kama mtu aliyepata habari njema ya jamaa yake aliye mbali. Akachukua bisibisi, safari hii kwa upande wake sahihi, akainama juu ya kilango kilichofuata.

"Basi ukimuona umusalimie," akasema. "Muambie Sadiki anamusalimia."

Nikamwambia, "Zimefika."